Hatua Thelathini na Mbili Kutoka Chooni

Kisima cha nyumbani kwangu Tunduma nilikipimia mwenyewe. Nilikuwa nimesoma katika kijitabu cha afya kwamba kisima kikae mita thelathini au zaidi kutoka chooni. Kiwanja changu ni chembamba na kirefu. Nikatembea kutoka choo changu hadi kona ya mbele, nikahesabu hatua ndefu thelathini na mbili, nikapigilia kigingi, nikaita wachimbaji. Ndivyo tunavyopima kijijini kwetu Ibaba, milimani, ambako choo cha jirani kiko ng'ambo ya bonde na mtu hana sababu ya kukifikiria.

Binti yetu wa mwisho, wa darasa la nne, aliugua taifodi mara tatu ndani ya mwaka mmoja. Mara ya tatu alilazwa, na alipotoka sare yake ilibidi niipunguze kiunoni.

Wiki hiyo bwana afya alipita kukagua mtaa wetu. Hakukitazama kisima. Aliuliza kibuyu chirizi cha kunawia kiko wapi, kisha akamshika binti yangu mkono na kumkagua kucha.

"Mama, mnachemsha maji ya kunywa?"

"Nachemsha," mke wangu akajibu. "Mkaa ukiisha sichemshi. Na mtoto akirudi na kiu toka shule hanisubiri, anachota. Bomba lenu lenyewe linatoka siku moja kwa wiki. Siku sita zilizobaki nichemshe nini, bwana afya, upepo?"

Akacheka, akaandika kwenye fomu yake. Nilisoma kutoka upande wa pili wa meza: *Elimu imetolewa.*

Maneno hayo mawili yananikera mpaka leo. Elimu nilikuwa nayo. Niliipata mwenyewe, jioni baada ya kazi, na niliifuata hatua kwa hatua.

Kesho yake nilipanda kiti nikachungulia nje ya uzio kila upande. Mimi ni fundi cherehani. Nina karatasi kubwa ya kukatia vielelezo vya nguo, nina chaki na uzi. Nilichora viwanja vyetu, nikaweka nukta kwenye kila choo nilichokiona, na kwa uzi nikazungushia kila nukta duara la mita thelathini. Choo cha upande wa kushoto kilikuwa hatua kumi na moja kutoka kisima changu. Cha upande wa kulia, hatua nane. Maduara yakafunika karatasi yote. Hapakubaki mahali pa kutua hata ndoo.

Nikaikunja karatasi, nikaenda kwa jirani wa hatua nane. Ni mama mfanyabiashara wa vitenge kutoka Kigoma, ana nyumba ya wapangaji sita na choo kimoja.

"Jirani, choo chako kinaingia kwenye kisima changu."

Aliitazama michoro kwa muda mrefu, halafu akaniongoza nyuma ya nyumba yake.

"Na hiki hukukichora, fundi?"

Kilikuwa kisima chake, kimebanwa kwenye kona inayopakana na ua wangu wa nyuma. Nilipima. Kutoka choo changu, hatua tisa.

"Sasa nani anamnywesha mwenzake?" akauliza. "Niambie nikihamishie wapi choo. Juu ya bati?"

Kila mmoja wetu alikuwa amepima kutoka choo chake, na kila mmoja alikuwa sahihi. Waliokata viwanja hivi kama vitambaa vya leso, na walioruhusu mji ujae hadi mpakani bila mabomba, wao hawakupima chochote. Hao hakuna anayewatembelea na fomu. Hakuna anayewashika mkono kuwatazama kucha.

Nilimhamisha binti yangu. Sasa anasoma Ibaba, kwa dada yangu, ambako maji yanatoka kwenye chemchemi juu ya nyumba. Hajaugua tena. Tunamwona likizo tu, na mama yake bado anampakulia chakula akisahau kwamba hayupo.

Mama wa vitenge aliuliza habari zake juzi, tukiwa kila mtu upande wake wa uzio, ndoo mkononi. Nikamwambia amenenepa.

"Alhamdulillahi," akasema. "Mwanao, una mlima wa kumpeleka. Wa kwangu ametoka hospitali jana, taifodi hiyo hiyo. Nimpeleke wapi, fundi?"

Kisha akateremsha ndoo yake kisimani, kwa kuwa ilikuwa Jumanne na siku ya bomba ilikuwa bado.