Vidole vya Noolarami

Mama mkwe wangu, Noolarami, hakujua kusoma kitabu, lakini ng'ombe aliwasoma kwa vidole. Kila asubuhi kabla ya kukamua alimpapasa kila mmoja chini ya sikio, akitafuta tezi iliyovimba. Ndigana, ugonjwa unaoletwa na kupe, huanzia hapo, na ndiyo iliyofagia zizi la baba yake. Siku niliyoolewa alinipa ng'ombe mwekundu, Nado, na tangu hapo tukaitana Pakiteng', kama Wamasai waliopeana ng'ombe wanavyoitana. Maziwa ya Nado ndiyo yaliyolea wanangu wawili.

Chanjo ya ndigana ilipofika, mifugo yetu yote ilichomwa sindano ikavishwa hereni za njano. Mume wangu, Sironka, akamcheka mama yake.

"Yeyoo, pumzisha vidole. Sindano imekuachisha kazi."

"Kwani kupe amekuambia ameacha yake?"

Kiangazi kilipokaza, Sironka akataka kuwapeleka ng'ombe kwenye kinamasi, kwenye majani mabichi waliko nyati. Bwana mifugo alimkataza.

"Chanjo ile ina vimelea vya aina tatu, na mwili wa ng'ombe unavijua hivyo tu. Ni kama mbwa uliyemwonyesha wezi watatu. Nyati anabeba aina chungu nzima, kila moja na sura yake. Sindano ya sura zote hatuna."

"Wana hereni," Sironka akasema, akawaswaga.

Mimi nilinyamaza, na kimya kile kinanichoma hadi leo. Nilitaka maziwa.

Walirudi wamenawiri. Sironka akatamba boma zima, nami nikamkamua Nado vibuyu viwili, nikicheka peke yangu. Noolarami hakucheka. Aliendelea kupapasa.

Siku ya kumi na mbili mkono wake ulisita kwa dume la mbele. Akahamia kwa wa pili, wa tatu, mpaka wa saba. Akampita Nado bila kumgusa.

"Yeyoo, wagonjwa wangapi?" Sironka aliuliza.

"Niulize wazima. Hao nitawahesabu upesi."

Kisha akarudi kwa Nado. Akainua ile hereni ya njano, akapitisha vidole chini ya sikio. Akanishika mkono, akauweka pale pale. Tezi ilikuwa kubwa kama yai la kanga, na ya moto.

"Pakiteng'," akaniambia taratibu, "kuanzia leo wazoeze watoto uji."