Pini Mdomoni

Dada yangu ni fundi wa mapazia, na hajui kunyamaza. Sisemi kwa ubaya. Yeye ndiye aliyenilea baada ya mama yetu kufariki, akanisomesha kwa cherehani ile ile anayoshonea hadi leo. Kila nilichokuja kukosea maishani, alikuwa ameniambia mapema kwamba nitakikosea. Shida ni kwamba nikishakosea alikuwa ananiambia tena. "Nilikuambia." Hilo ndilo neno lake. Ukiungua na pasi mbele yake, kabla hajatafuta maji, "Nilikuambia." Siku mumewe alipoondoka na mabegi yake, aligeuka mlangoni akamuuliza, "Na hili nalo ulishaniambia?" Dada akajibu kwamba ndiyo, tena zaidi ya mara moja.

Wakati pekee anapotulia ni anapokunja pindo la pazia. Hubana pini kadhaa midomoni, huzitoa moja moja na kuzichomeka kwenye kitambaa, na muda huo wote hawezi kusema kitu. Binti yake, mtoto wake wa pekee, alilijua hilo tangu mdogo. Akipata alama mbaya shuleni au akivunja kitu cha watu, alingoja mpaka mama yake ajaze pini mdomoni, ndipo akaingia chini ya meza ya kukatia, katikati ya vitambaa, na kumwaga yote. Mama angeguna, angetikisa kichwa, angetoa macho, lakini mpaka pini ziishe mtoto alikuwa ameshamaliza na kukimbilia nje. Sisi watu wazima tulicheka. Tulisema mtoto ana akili kuliko baba yake.

Mtoto huyo alikua, akaolewa, akashika mimba. Alikuwa anauza kwenye duka la dawa, kazi ya kusimama kutwa, na mama yake akamwambia aiache. Hakuiacha. Mimba ikaharibika ikiwa tayari inaonekana. Tulikwenda kumwona wodini, vitanda vimesongamana, wagonjwa na wageni wao wote wametega masikio. Mimi nilimshika mkono. Dada akasimama upande wa miguuni, mkoba begani, akasema, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilikuambia."

Mwanamke wa kitanda cha pili aligeukia ukutani. Mwanetu hakulia. Alimwita muuguzi akamwomba amtoe mama yake nje, na kuanzia siku hiyo hakupokea simu yake tena. Wakahama nyumba, yeye na mumewe, na dada hakuambiwa wamehamia wapi. Nilipomgombeza, na nilimgombeza kweli kweli, alinitazama kama mtu aliyeonewa. "Kwani nilisema uongo?" akaniuliza.

Miaka ikapita. Mwanetu aliendelea kuzungumza nami, kwa sharti moja tu: nisimpe mama yake namba wala nisimwelekeze nyumbani kwake. Nililishika sharti hilo. Halafu akaniingiza kwenye kundi la kusoma pamoja.

Lilikuwa kundi la simuni, kwenye programu ambayo namba hazionekani, majina ya utani tu. Kiongozi wetu alikuwa mkutubi wa shule fulani, tukamwita Kiranja. Kitabu kilikuwa riwaya ya kutisha, nene kiasi kwamba tuliiita Tofali. Kila wiki tulisoma sura kadhaa, na Jumapili mchana kila mtu anatuma ujumbe wa sauti kusema alichokiona na kilichomwogopesha. Mimi nilikuwa Mwoga, kwa kuwa nilikiri siku ya kwanza kwamba nalisoma Tofali nikiwa mapokezi kwenye kliniki ya meno ninakofanya kazi, watu wakiwa wamenizunguka. Mwanetu alikuwa Popo. Sauti yake ndiyo iliyopendwa kuliko zote. Alikuwa anacheka huku anaogopa, na anavuta maneno hadi unaona jambo lenyewe linakuja.

Siku moja nikiwa karakana ya dada, nikasahau, nikaifungua sauti ile. Dada aliacha mkasi. Hakuniuliza ni nani. Aliomba nirudie, nikarudia, akaomba tena. Kisha akasema, "Niingize. Nataka kumsikia tu, sitasema neno."

Wee! Dada yangu asiseme neno? Lakini alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili, na uchungu wa mwana aujuaye mzazi, basi nikakubali. Nikampa masharti: aandike tu, asitume sauti, asijitaje. Kiranja akamkaribisha, na kwa kuwa kila Jumapili mgeni alikuwa anaandika mistari miwili badala ya kuzungumza, wakambatiza Bubu. Nilicheka peke yangu hadi mgonjwa wa jino akanikasirikia.

Kusema haki, alilisoma. Mtu ambaye maisha yake yote alisoma vipimo vya madirisha, sasa aliweka rula chini ya mstari na kulimega Tofali ukurasa kwa ukurasa, miwani puani, mapazia ya watu yanangoja. Ni hadithi ya watoto watatu. Mama yao anakwenda kuwatafutia dawa, anawaambia wasimfungulie mtu yeyote. Jioni sauti yake inarudi mlangoni, inawaita kwa majina. Mdogo wao anachungulia tundu la ufunguo na kusema huyo si mama. Basi hawafungui. Sauti inarudi kesho yake, na keshokutwa, na mwaka unaofuata, na wao wanakua ndani ya nyumba ile wakiisikia. Dada alianza kuogopa kuingia stoo peke yake. Alinituma mimi nikamtolee jora la kitambaa, na nikirudi alikuwa mlangoni ananihesabia pumzi.

Kuna sura ambayo yule mdogo amejificha kabatini, zipu ya koti imekwama kwenye nywele zake, na kitu kinatembea chumbani. Kundi zima lilipiga kelele. Daktari mmoja mstaafu alisema alikifunga kitabu akakiweka barazani. Bubu akaandika, "Si ana kipande cha mshumaa mfukoni? Angesugua kwenye meno ya zipu ingeteleza yenyewe." Watu walicheka Jumapili nzima. Popo naye alituma kicheko, kirefu, kisha akanyamaza hadi wiki iliyofuata.

Baada ya hapo Popo akaanza kumwandikia Bubu pembeni, wao wawili. Kwanza ni mambo ya kitabu. Kisha kazi, mume, mwenye nyumba. Dada alikuwa ananionyesha kila kitu, uso unang'aa, na ni mimi niliyemzuia kujibu. Kila mara alitaka kushauri. Popo akisema ana kikohozi, dada anaandika aya nzima ya tangawizi na kuvaa soksi, mimi nafuta, nabakiza "Pole sana." Tulifanya hivyo juma hadi juma. Vidole vyangu vilikuwa ndivyo pini zake.

Halafu siku moja Popo akaandika habari ya wodini. Aliandika yote: kitanda, mwanamke aliyegeukia ukutani, mama aliyesimama miguuni na mkoba begani. Mwishoni akaandika, "Sijui kwa nini nakwambia wewe."

Dada alisoma akiwa amesimama. Akakaa. Akaandika, akafuta, akaandika, akafuta, na safari hii sikumgusa. Alichotuma mwisho ni maneno mawili: "Pole. Endelea." Popo akaendelea kurasa na kurasa, na dada akasoma yote akilia, bila kutia neno. Nilimpenda siku ile kuliko siku zote za maisha yangu. Niliwaza, haya, mtu hubadilika, hata kama ni kwa kuchelewa.

Ujumbe wa mwisho wa siku ile ulisema kwamba Popo ana mimba tena, na kwamba nje ya mumewe Bubu ni mtu wa kwanza kuambiwa.

Tulimaliza Tofali wiki chache baadaye. Mwishoni binti mkubwa, sasa mtu mzima, anachoka kuogopa na kufungua mlango. Nje amesimama kikongwe, chupa ya dawa mkononi. Ni mama yao kweli. Alikuwa yeye miaka yote. Jumapili ile watu hawakuwa na utani. Kiranja alikohoa kohoa tu. Popo akatuma sauti fupi: "Nilipofika hapo nimelia. Kwa mara ya kwanza nimejiuliza kama na mimi ningefungua."

Dada akaruka. "Umesikia? Ananiita."

"Hajakuita," nikamwambia. "Anafikiri. Mwache afikiri, dada. Atakuja mwenyewe."

"Mama yule angekaa kimya si angefia nje?"

"Dada, naomba. Andika. Tuandike wote wawili."

"Mwanangu simwandikii kama mdai," akasema, akafungua mazungumzo yao wawili, akaibonyeza ile alama ya kurekodi.

Alianza vizuri, Mungu ni shahidi yangu. "Ni mimi," akasema. "Bubu ni mimi. Ni mama yako." Sauti ilimkatika. Kidole kilikuwa bado kwenye kioo, na nilimfanyia ishara akiinue, akiinue hapo hapo. Angekiinua pale leo nisingekuwa na la kusimulia.

"Nimesoma kitabu kizima kwa ajili yako," akaendelea, "na macho yenyewe haya. Na wale watoto nao mama yao aliwaambia. Mtoto akiambiwa asikie." Hata kitabu hakukielewa! Watoto walisikia walichoambiwa, ndiyo maana mama akabaki nje. Nikanyoosha mkono kuichukua simu, akanigeuzia bega. "Na hiyo mimba. Umesema bado unasimama dukani, utasimama mpaka lini? Unataka yarudi yale yale? Ile ya kwanza si nilikuambia? Si nilikuambia, mwanangu? Ungenisikia, mjukuu wangu leo angekuwa anatembea."

Akainua kidole. Ujumbe ukaenda.

Nilimwambia aufute. Akasema kwa nini aufute, kuna tusi gani ndani yake. Tukiwa bado tunabishana alama zikaonyesha kwamba umeshasikilizwa. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na huyu alijikwaa palepale alipojikwaa mara ya kwanza, kwenye jiwe lile lile.

Jibu lilikuja kwa maandishi. Dada alilisoma, akanipa simu, akasema nimsomee, kama mtu asiyeamini miwani yake. Nikasoma:

"Mama. Nilikujua tangu siku ya zipu na mshumaa, ulivyonifanyia mimi utotoni. Sikuondoka kwa sababu ulikuwa unanisikiliza. Ya wodini nilikuhadithia nikijua ni wewe, na ukaniambia pole. Nikafikiri umebadilika, kumbe ulikuwa na pini mdomoni tu. Nilikuwa nangoja tumalize kitabu nikuite uje."

Nilipoinua macho, jina la Popo lilikuwa limeshatoweka, kwenye kundi na kwa Bubu pia.

"Lakini sikusema uongo," dada akasema. Alisema kwa sauti ndogo. Nilikuwa na hasira. Nilichukua mkoba wangu nikaenda zangu bila kumuaga, nikamwacha na Tofali lake mezani.

Mtoto amezaliwa majuzi. Wa kike, mzima, na analia kwa sauti ya kutosha nyumba tatu. Mwanetu alinipakatisha, akaniacha nimnuse shingoni, na nikamwona anavyonitazama nikimtazama mtoto. Sikumwombea mama yake msamaha, nilishindwa nianzie wapi. Ni yeye aliyesema, "Mama mdogo, akikuuliza mweleze yote. Ila yeye asije."

Nilipitia karakana mchana ule ule. Dada alikuwa amekaa, cherehani imefunikwa, hana kazi mkononi. Aliniona usoni akajua ninakotoka. Akafungua mdomo. Nikasimama pale mlangoni, nikilingoja lile neno, na nilikuwa nimeapa kwamba likitoka nageuka narudi nilikotoka.

Akaufunga. Akavuta kikopo cha pini, akachukua tatu, akazibana midomoni, ingawa juu ya meza hapakuwa na kitambaa hata kipande. Kisha akanisogezea kiti, akanitikisia kichwa nianze.