Godoro la Mbili na Nusu

Alikuwa na jina lake zuri tu alilopewa na wazazi, lakini mtaani hakuna aliyelitumia. Mtaa mzima ulimwita Kiwiko. Alikuwa fundi wa magodoro, na mteja akimletea sponji, au akitaka kuchagua moja dukani kwake, Kiwiko alikunja mkono wa shati, akazamisha kiwiko katikati ya sponji, akafumba macho kama mtu anayesikiliza redio ya jirani, kisha akatoa hukumu: "Hii itakuzika wewe." Maana yake ilikuwa nzuri: itadumu kuliko mwenyewe. Wateja walicheka, wakalipa, wakaenda zao kulala salama.

Na tusimsingizie, alikuwa anajua kazi. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye mlango mpana, meza ndefu ya mbao, cherehani ya kukanyaga, na magunia ya vipande vilivyobaki yaliyopangwa mpaka darini. Kabla hajagusa kitambaa aliosha mikono kwa sabuni, maana doa la mafuta kwenye godoro jipya, alisema, ni sawa na kwenda kuposa na shati chafu. Mshono wake ulinyooka. Lakini jamani, mazoea yana taabu. Mtu akishasifiwa sana kwa kiwiko, husahau kwamba kichwa nacho kina kazi yake.

Katika dunia hii alimwogopa mtu mmoja na kumpenda kuliko wote, naye alikuwa dada yake mkubwa. Mama yao alifariki Kiwiko akiwa bado anatambaa. Dada akaacha shule, akamfunga mgongoni, akafulia watu nguo ili mdogo wake ale. Watoto wengine walisema "mama," yeye alisema "dada," na maana ilikuwa ileile. Sasa dada huyo alikuwa ameteleza uani na kuvunjika nyonga. Alipasuliwa, akakaa wodini muda mrefu kupita kiasi, halafu Kiwiko akamchukua nyumbani kwake. Sebule ikageuka chumba cha mgonjwa, kitanda kikawekwa karibu na dirisha, na makochi yakahamia kibarazani.

"Kilichovunjika ni nyonga, si ulimi," aliwaambia wote waliokuja kumwangalia kwa sura za msiba. "Kaa vizuri, nipe habari za watu."

Nesi alikuwa akifika asubuhi kumsafisha kidonda. Ni kidonda cha kulalia, kile kinachompata mtu asiyeweza kujigeuza, na kilikuwa chini ya mgongo, palepale mfupa unapolemea. Siku moja nesi alipenyeza kiganja chini ya mgonjwa, akatikisa kichwa, akamwita Kiwiko nje.

"Godoro hili limekwisha. Mifupa yake inagusa ubao. Mtafutie sponji isiyopungua kilo arobaini kwa mita ya ujazo, umenielewa? Kidonda kikizidi kuchimbika sitakiweza hapa. Itabidi arudi wodini."

Dada alikwisha kusema, tena mara nyingi, kwamba ni afadhali afe akisikia watoto wa mdogo wake wakigombana kuliko kupona akitazama lile dari la wodi. Na alipolisema hilo, hakuwa anatania.

"Nesi, habari za godoro unaniambia mimi?" Kiwiko akajibu, akajitahidi kucheka. "Hilo niachie."

Karakanani alikuwa na mabonge mawili ya sponji. La kwanza lilipigwa muhuri wa bluu ubavuni: 28. La pili lilitoka kiwanda kingine, na muhuri wake ulisema 2.5. Hilo la pili lililetwa siku moja badala ya lile alilokuwa ameagiza, na tangu siku hiyo Kiwiko alilihesabu kuwa makapi. Alilikatia viti vya vinyozi na mabenchi ya wateja wao wanaongoja zamu. Sokoni kote hakupata lenye arobaini. Basi kati ya ishirini na nane na mbili na nusu, hata mtoto wa chekechea angejua lipi limekaribia arobaini. Akazamisha kiwiko ili ahakikishe. La ishirini na nane lilikuwa gumu, lilimsukuma. La mbili na nusu lilinywea kidogo kwa upole. Hukumu ikapita.

Godoro alilolishona lilikuwa la kutazamwa. Alichagua kitambaa cha pamba kisichochoma ngozi, akazungushia ukingo, akapitisha shazia, ile sindano nene, kwa mkono pale ambapo mashine ingeacha kinundu. Yeye na mkewe wakamwinua dada kwa shuka, wakamlaza.

"Loo! Hili godoro la bibi harusi," dada akasema. "Mdogo wangu, umenitendea."

Kiwiko alisimama mlangoni, akatabasamu mpaka jino la mwisho. Siku hiyo hata chakula kilimwingia vizuri.

Wiki mbili baadaye nesi alifungua bandeji, akainama kukitazama kidonda kwa karibu.

"Kimepanuka," akasema. "Nampa mpaka wiki ijayo. Kisipotulia, nitaandika arudishwe."

Dada aligeuza uso ukutani.

Kiwiko naye akapandwa na hasira, na kama kawaida ya hasira, ilitafuta mlango wa jirani. Akalaumu dawa. Akalaumu bandeji. Akalaumu kitanda, kitanda chenyewe alichokinunua yeye.

"Godoro langu halina kosa!" akafoka jikoni.

Mkewe, ambaye alikuwa muuza nafaka sokoni na hakuwa na tabia ya kupandisha sauti, alikuwa akipepeta maharage. Hakuacha kupepeta.

"Nesi alisema kilo," akasema. "Wewe umepima kwa kiwiko. Hicho kiwiko chako kina kilo?"

"Mke wangu, nimefanya kazi hii…"

"Ndiyo, umeifanya. Mganga hajigangi. Kesho niletee kipande cha kila sponji pale mezani kwangu, ukubwa mmoja."

Akavikata, huku ananung'unika. Kila kipande kilikuwa futi moja kila upande, kama sanduku dogo. Kesho yake akasimama sokoni mbele ya mizani ya mkewe, katikati ya magunia, wapita njia wakimuuliza sponji siku hizi inapikwaje. Kipande cha ishirini na nane kikawekwa. Hakikufika kilo, tena kilipungua sana. Kikawekwa cha mbili na nusu. Mshale ukapita kilo moja, ukasonga mbele kidogo, ukatulia.

"Ebo! Mizani yako mbovu hii."

"Mbovu? Hii inayokulisha?" Mkewe akavuta debe la pumba, akazishindilia kwa ngumi mpaka juu. "Bonyeza hapa. Ngumu?"

"Ngumu."

"Basi ni mahindi?"

Kiwiko akabonyeza tena. Ilikuwa imeanza kumwingia, polepole, tena kwa maumivu. Ugumu na uzito ni vitu viwili. Sponji inaweza kukazwa ikamsukuma mtu kiwiko, kumbe ndani ni hewa tupu. Mwili ukiilemea usiku kucha, ikipata joto, inalala chini na haiamki.

Palepale akapiga simu ghalani kwa kiwanda cha lile bonge la pili, jambo ambalo angeweza kulifanya tangu siku lilipofika. Kuuliza si ujinga, lakini kwake kulikuwa kumefanana na ujinga.

"Ah, fundi," mtunza ghala akamwambia, "mashine yetu ya zamani, inasoma kwa vipimo vya zamani. Hiyo ni ratili, yaani pauni, mbili na nusu kwa kila futi ya ujazo. Wenzetu wanaandika kilo kwa mita ya ujazo. Ukitaka kutoka kwetu kwenda kwao, zidisha kwa kumi na sita. Kutoka kwao kuja kwetu, gawanya kwa kumi na sita. Kuna chembe inabaki, lakini kwa godoro haina neno."

Kiwiko akaandika kwenye kiganja. Mbili na nusu mara kumi na sita: arobaini. Arobaini kamili, ile ya nesi! Ishirini na nane gawanya kwa kumi na sita: moja na robo tatu. Ukubwa wa pua si wingi wa kamasi. Kwa maneno mengine, juu ya sponji nzuri alikuwa amewakalisha watu wanaongoja kunyolewa, na dada yake, aliyemlea, amemlaza juu ya pumba. Aliona aibu. Zaidi ya aibu, aliona uchungu, na mkewe alipomshika bega hakuutoa mkono wake.

Bonge lililobaki halikutosha kitanda kizima, na kiwanda kilikuwa kimesimamisha mashine kwa matengenezo. Likatosha kutoka mabegani mpaka magotini. Kiwiko akaliweka hapo, kwenye uzito wa mwili, kichwani na miguuni akaunga ile ya ishirini na nane, na viungo akavipeleka mbali na nyonga. Gundi aliipaka nyembamba sana, isije ikakauka ikawa mfupa mwingine. Safari hii hakubonyeza kitu.

Nesi alipokuja, akapenyeza kiganja, akatafuta ubao, asiuone. Akafungua bandeji. "Hakijaongezeka," akasema, na akaongeza wiki nyingine. Wiki hiyo ilipokwisha, kingo za kidonda zilikuwa zimeanza kuwa na nyama mpya, nyekundu safi.

"Kinafunga," akasema. "Habari za wodi tuziache."

Kiwiko alitaka kumkumbatia. Badala yake akambebea mkoba wake mpaka getini, akamshukuru njia nzima. Aliporudi, akavuta kigoda, akaketi kando ya kitanda.

"Dada, niambie kweli. Lile godoro la kwanza lilikuwaje?"

"La nini hilo sasa? Limeshapita."

"Niambie."

Dada akatazama dirishani. "Ubao. Tangu usiku wa kwanza."

"Na ukaniambia la bibi harusi!"

"Ulisimama pale mlangoni umefurahi. Tangu unatambaa sijawahi kukukatiza furaha. Ningeanzaje uzeeni?"

"Ungerudi wodini kwa sababu hiyo?"

"Ningerudi," akasema.

Kiwiko akainamisha kichwa kwenye ukingo wa kitanda, akalia kwa sauti, mabega yakimtikisika. Dada akampigapiga kichwani.

"Haya basi, nyamaza. Watoto watakusikia."

"Kuanzia leo kitu kikikuuma, unasema. Hata kama nimekishona kwa mikono yangu miwili."

"Kweli?"

"Kweli kabisa."

"Basi huu mto."

Kiwiko akainua uso. "Mto una nini?"

"Jiwe."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipouleta."

Akauvuta taratibu chini ya kichwa chake, akavua shati, akalikunja na kuliweka mahali pake. Kisha akauweka mto kwapani, akatoka na fulana kuelekea karakanani, huku anacheka na kujifuta macho.