Mchumba wa Mezani

Mpaka leo namwombea dua mkurugenzi wetu, maana mwingine angenifukuza kazi palepale.

Kompyuta mpya ilipofika, aliniagiza nihamishe anwani za wateja kwa disketi, kisha nichape bahasha na barua za Kifaransa za kuwaalika kwenye ufunguzi wa ofisi, nitie sahihi kwa niaba yake. Nikajidai fundi. Kumbe kwenye kompyuta ya zamani nilikuwa nimeficha pia orodha ya waalikwa wa harusi ya mdogo wangu, na mjinga mimi nikahamisha hiyo. Bahasha zikaondoka bila mimi kusoma hata jina moja.

Jumamosi mkurugenzi alisimama mlangoni na tai yake. Hakuja mteja hata mmoja. Alikuja shangazi Mwajuma kutoka mtaani kwetu Nyamirambo, na nyuma yake mtaa mzima, na masinia ya sambusa. Barua hiyo ya Kifaransa hawakuielewa, ila waliona sahihi yangu chini, wakaamua kwamba hatimaye nimepata mchumba.

“Ni weye unaoa mtoto wetu?” shangazi akamuuliza mkurugenzi.

Nikakiri yote. Mkurugenzi akapokea sinia kwa mikono miwili, akaonyesha kompyuta.

“Hapana, mama. Mchumba iko pale mezani. Na wakwe zake wote ameshawajua kwa majina.”