Mguu Uliolala na Mnyoo wa Baharini

Nilimchoma mama yangu mguu nikijaribu kumtibu kama mnyoo wa baharini. Naliweka hili mbele kabisa, msomaji asije akanipenda kwanza halafu akajuta.

Bahari yenyewe sijawahi kuiona. Mimi ni mtu wa nyumbani hapa Kitale. Nafuma sweta za wanafunzi kwa mashine iliyo karibu na dirisha, na dunia yangu inaishia pale ninapoona kama mvua inakuja na nguo bado ziko kwenye kamba. Ndugu zangu husema hata nikifa, itabidi maiti ibembelezwe ndipo itoke mlangoni. Kwa hiyo sukari ilipomzidi mama kule Kamukuywa, na macho ya ukoo yakanigeukia mimi binti niende nikakae naye, nilipata hoja nyingi za kumleta yeye kwangu. Kitale kuna hewa safi. Kitale dawa ziko karibu. Ukweli ni kwamba Kitale kulikuwa na kitanda changu.

Mguu wake wa kushoto ulikuwa umelala. Ndivyo alivyosema mwenyewe, umelala, kama mgeni aliyetoka mbali ambaye si adabu kumwamsha. Kule nyumbani alikuwa akienda kisimani na patipati mbili, anarudi na moja, bila habari. Jirani yake, mzee waliyepakana naye shamba na asiyejua kunyamaza, ndiye aliyekuwa akiziokota. Alizitundika juu ya ua na kupaza sauti: "Mama, mguu yako imeacha kiatu tena! Siku moja utaacha mguu ubebe kiatu!" Mama alicheka. Niliposimuliwa, na mimi nilicheka, tena kwa sauti.

Basi akawa kwangu. Jumapili moja mpwa wangu, binti ya kaka yangu, akapiga simu ya picha kutoka Pwani, ambako anasomea wanyama wa baharini. Ukoo ulikuwa umeomba daktari. Mungu akatupa mtu wa minyoo.

"Shangazi, kuja uone kitu."

Alikuwa ameelekeza simu kwenye hadubini, kile chombo cha kukuzia vitu vidogo. Shuleni kwetu kilikuwepo kimoja, na kilifungiwa ofisini kwa mwalimu mkuu kisije kikatumika. Nikaona mnyoo. Alisema kwa macho matupu hafiki ukubwa wa punje ya wimbi. Walikuwa wamempaka dawa inayofanya neva zing'ae, ile mishipa ya fahamu inayopeleka habari mwilini, na mwili wake wote ukawa giza isipokuwa neva zenyewe, kijani kibichi. Kamba mbili zilishuka kutoka kichwani hadi mkiani, zimeunganishwa na vijiti vya kukingama, kama ngazi ya kupandia stoo ya mahindi. Kule kichwani palikuwa na fundo dogo, kama lile ninalofunga mwisho wa uzi. Mpwa akasema hilo fundo ndilo ubongo.

"Kumbe kuna watu nimesoma nao," nikasema.

Akatuonyesha mwingine, mzima, anaogelea kwenye kisahani. Akachukua kijiti chenye kope moja ya jicho iliyogundishwa nchani, akamgusa nayo. Mnyoo akajikunja papo hapo. Kope tu! Habari ilishapanda ngazi ikafika.

"Na ukimkata?" nikauliza, kwa sababu mimi ndivyo nilivyo.

"Huyu ukimkata nusu anamea tena. Neva zinajisuka upya, ngazi inaendelea pale ilikatikia."

Mama alikuwa nyuma yangu akichambua maharagwe. Nilidhani hasikilizi. Akasema polepole, "Muulize kama inamea hata akiwa mzee."

"Kukhu, bado hatujamuuliza miaka!" mpwa akamjibu bibi yake, na wote tukacheka, mama akiwa wa mwisho kuacha.

Nilitaka kujua kwa nini mnyoo aweze na sisi tushindwe. Mpwa akaeleza kitu kirefu kuhusu chembe fulani ambazo mnyoo huziweka akiba mwilini, lakini mtandao ulikuwa unakwama, nami sikupata zaidi ya nusu. Nilichokipata vizuri ni kwamba wanaishi katika maji ya chumvi, katikati ya mchanga, na ukiwatia katika maji matamu wanakufa. Hapo mimi, niliyepata D ya Biolojia, tena D ya kuonewa huruma, nikafunga utafiti. Siri ilikuwa chumvi.

Wala si chumvi ya mezani. Nilijiambia ile imesafishwa mpaka nguvu zote zimetoka. Nikavaa viatu, jambo ambalo peke yake lingemshtua mtu anayenijua, nikaenda agrovet, duka la dawa za mifugo, kununua chumvi ya ng'ombe, ile ya mawe wanayolambishwa. Ndivyo tulivyo watu wa huku: kitu kikimfaa ng'ombe, tunaamini na binadamu atapona humo humo.

"Ng'ombe ni wangapi, mama?" mwenye duka akauliza.

"Mmoja," nikasema. "Anasumbuliwa na mguu."

Nikachemsha maji, nikaponda chumvi, nikamimina kwenye beseni. Nikapoza kidogo, nikajaribu kwa mkono. Sasa huu mkono wangu umesonga ugali tangu utotoni. Unatoa sufuria jikoni bila kitambaa, na akina mama wa kanisa huusifu kwenye matanga, tukipikia watu wengi. Mkono ukasema, sawa.

Mama akatia mguu. Akakaa ametulia, mikono mapajani, kama mtu anayepigwa picha.

"Ni moto sana, mama?"

"Sijui, mayi, binti yangu. Naona mvuke."

Naona mvuke. Maneno hayo nimelala nayo na kuamka nayo. Alikuwa akipima moto kwa macho, kwa sababu mguu haukuwa na la kumwambia. Nami nikampangusia jasho usoni, nikamwambia, "Vumilia, ndio inaingia." Mguu wake haukupeleka habari, na mkono wangu uliacha zamani kupokea habari. Mle nyumbani tulikuwa watu wazima wawili, na hapakuwa na neva moja ya kusikia hata kile mnyoo anachosikia akiguswa na kope.

Asubuhi soksi niliyomvisha usiku ilikataa kutoka. Ilipotoka ilitoka na ngozi.

Ingefaa nimkimbize hospitali saa ile ile. Lakini ningemweleza nini nesi? Nilifunga kidonda kwa kitambaa safi, nikasubiri kiwe kidonda cha heshima kidogo, kidonda chenye hadithi nzuri zaidi. Sukari haingoji hadithi. Vidole viliiva rangi, kisha vikawa vyeusi, na harufu ikawa inatutangulia mlangoni. Kaka yangu, anayefanya kazi Bungoma, alikuja akafunua kitambaa, akanitazama, akakifunika. Alimpeleka mama hospitali kule Bungoma, na daktari, kijana mpole aliyeonekana amechoka kutoa habari za aina hii, akasema mguu utakatwa chini ya goti, la sivyo tuje tumkose mama mzima.

Mpwa alinipigia nikiwa kwenye benchi la nje ya wodi.

"Shangazi, mimi sikusema chumvi inatibu."

"Najua."

"Nilisema wanaishi humo. Hata samaki anaishi humo, na ukimkata nusu hamei."

"Ungeanza na samaki," nikamwambia. Akaanza kulia, na nikaona nimepata mtu wa pili wa kumuumiza bila kutoka kwenye kiti.

Baada ya kukata, kaka aliomba apewe mguu. Kwetu huwezi kuuacha tu huko. Siku ya mwisho mtu atazikwaje amepungua? Lakini kuuzika nako kulileta ubishi nyumbani. Wazee wengine walisema mguu ukiombewa na kuimbiwa kaburini utaita mwili uliobaki uufuate. Mwishowe wakakubaliana: uzikwe nyuma ya migomba, bila nyimbo, bila kuhubiri, na asichimbe mtu wa ukoo. Yule jirani wa patipati ndiye aliyechimba. Nasikia ndiyo mara pekee alipofanya kazi bila kuongea.

Mama aliporuhusiwa kutoka hakutaka kusikia habari ya Kitale. Nikafunika mashine ya kufuma kwa shuka na kuhamia Kamukuywa, kule kule nilikokuwa nimekukwepa kwa akili nyingi. Nililala chumba cha utoto wangu na kuamshwa na jogoo asiyenijua. Mchana mama alikaa kwenye kiti nje, mgongo ukiwa umeelekea barabarani, uso kwenye migomba. Mwanzoni nilidhani anakwepa macho ya watu.

Siku moja akaniita. Sauti yake ilikuwa changa.

"Mayi, mguu umeamka."

"Upi?"

"Ule. Vidole vinaniwasha. Hiki kidogo ndicho zaidi." Akanyoosha mkono akakuna hewa, pale pale ambapo kidole kingekuwa.

Nilikwenda nyuma ya jiko nikampigia mpwa. Akaeleza taratibu, safari hii mtandao ukiwa mzuri kupita kiasi. Akasema hutokea. Neva zilizokatwa zinaendelea kupeleka habari za mguu, na ubongo unaamini. Akasema hata zetu hujaribu kuchipua pale zilipokatiwa, zinatuma vijiuzi mbele.

"Kwa hivyo zinamea," nikasema.

"Zinamea, shangazi. Ila hakuna mguu wa kuzipokea. Zinajifunga tu fundo."

Miaka yote ule mguu ulipokuwepo haukusema lolote, hata ndani ya maji ya moto. Sasa uko chini ya migomba, na ndio unaleta habari.

Niliporudi uani, yule jirani alikuwa amefika na miwa miwili begani, amekaa juu ya kinu akimmenyea mama. Nilijua kutokana na uso wa mama kwamba amekwisha kumwambia habari ya mguu. Mama alinigeukia na macho yaliyonisubiri.

"Umeuliza mtoto? Amesema nini? Inamea kama ya yule mdudu?"

Ningesema ndiyo, na ingekuwa kweli kiasi fulani, kama vile chumvi ilivyokuwa kweli kiasi fulani. Ningesema hapana, na angeshusha ule mkono uliokuwa bado umening'inia hewani, ukitafuta kidole. Nikatazama mikono yangu, ile isiyosikia moto. Haikunisaidia.

Jirani akatema makapi ya muwa, akajipangusa mdomo, akasema:

"Mama, hiyo mguu mimi mwenyewe ndio nilizika. Kama inakuwasha, ni siafu."