Sahihi ya Mtu Ambaye Hakufika

Jumanne iliyopita asubuhi nilipigiwa simu kwamba yule mkaguzi wa mitambo ya gesi wa pale Nkende amefariki. Figo zilikuwa zimemsumbua kwa muda mrefu, na wengi wetu hatukujua. Wasomaji wa safu hii wa siku nyingi wanamfahamu, ingawa jina lake sikulitaja wala leo sitalitaja. Ndiye niliyemsifu hapa kwa kumkatalia mwenye hoteli mmoja wa Sirari. Hoteli ilikuwa imefunga boila kubwa ya gesi ya kuchemshia maji ya wageni, na bomba la kutolea moshi likaishia chini ya dirisha la chumba cha kulala. Nilikuwepo. Mwenye hoteli alimsihi kwa Kiswahili cha ng'ambo ya mpaka, "Mzee, si usaini tu, wageni wako njiani." Yeye akafunga begi lake na kumjibu taratibu, "Hiki cheti si chako. Ni cha yule atakayelala humo ndani." Hoteli ikakaa bila maji ya moto mpaka bomba lilipohamishwa. Niliandika kwamba tungekuwa na watu wachache tu kama huyu, tungelala salama. Niliandika kwa moyo wote.

Kwa imani hiyo hiyo, kambi moja ya watalii karibu na Robanda ilipofunga boila ya gesi kwenye jengo la kufulia, mimi ndiye niliyewapa namba yake. Mdogo wangu wa kike ndiye msimamizi wa ufuaji pale. Bila cheti cha usalama wa gesi, watu wa bima wasingeukubali mtambo. Cheti chenyewe ni kurasa mbili: nani kaufunga mtambo, kama mabomba yamepimwa kuvuja, kama moshi unatoka nje, kama matundu ya hewa yako wazi, kisha tarehe na sahihi. Kikatoka, kikatundikwa ukutani. Miezi michache baadaye mdogo wangu alianguka katikati ya mashuka, na wenzake wakamburuta hadi nje. Moshi wa gesi ulikuwa umekosa pa kutokea, ukajaza chumba hewa ya sumu ambayo haina harufu. Yuko hai. Lakini kichwa kinamuuma kila siku, na mara nyingine huniuliza jambo ambalo nimemaliza kumjibu muda huo huo. Nilipofika kambini nilikuta ubao umepigiliwa juu ya matundu ya hewa ili nyani wasiingie; fundi wa kambi akaniambia ulikuwepo tangu kabla boila haijawashwa. Juu ya dari, vipande viwili vya bomba la moshi havikuwa vimeunganishwa. Nikakigeukia cheti, nikasoma tarehe. Siku ile mkaguzi alikuwa Isebania, amekaa kando yangu kuanzia asubuhi hadi jua kuzama, kwenye mazungumzo ya mahari ya mpwa wangu.

Nilimfuata nyumbani kwake. Alikuwa mkubwa kwangu, kwa hiyo nilimwamkia kwanza, kisha nikamwekea nakala ya cheti mezani.

"Kaka, siku hii tulikuwa wote Isebania."

Aliivuta karibu, akaisoma tarehe. "Walinitumia picha kwa simu," akasema. "Boila ilikuwa mpya kabisa."

"Na matundu ya hewa?"

"Picha haikuyaonyesha."

"Lakini uliandika yako wazi."

"Niliandika kama ninavyoandika siku zote, mura." Mura, yaani kijana, ndivyo alivyozoea kuniita. Kisha akauliza, "Utaiweka gazetini?"

Sikuiweka. Nilijiambia kwamba namhurumia, maana alikuwa amekonda. Ukweli ni kwamba niliogopa wasomaji wangeniuliza ni nani aliyemsifu. Nilikuwa nimesalitiwa na mtu, na aibu ya kusalitiwa ikanifanya niwe mshirika wake. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sikudhani walikuwa wanatusema sisi wawili.

Mazishini mshereheshaji alimwita marehemu mtu wa uhakika, akaniomba niseme machache. Nikasimama, nikaisimulia ile hoteli ya Sirari, watu wakatikisa vichwa kwa kukubali. Mdogo wangu alikuwa mstari wa pili, amejifunga kitambaa kichwani. Tulipotoka makaburini alinishika mkono na kuniambia, "Kaka, ulichosema leo sitakisahau."

Juzi nilirudi kwa mjane. Nilimweleza yote, mpaka ubao wa nyani, nikitegemea atanifukuza. Aliingia chumbani na kurudi na kitabu cha nakala za vyeti alivyotoa mumewe. Alikifungua mwenyewe mbele yangu. Mambo ya gesi hayajui, lakini tarehe anazijua. "Hii tulikuwa hospitali," akasema, akafunua. "Hii alilala kutwa nzima, nilimlisha uji." Akafunua tena, kidole chake kikasimama kwenye cheti cha jiko la gesi la shule moja. "Na hii pia." Kisha akanikabidhi kitabu. "Nenda nacho. Mimi nimeshazika, sitaki mwingine azike."

Nimekwenda nacho. Shule imezima gesi na kurudi kwenye kuni kwa sasa, na wapishi wamenilaumu. Vyeti vingine bado viko ukutani, kwa watu nisiowafikia, ndiyo maana leo naandika. Nilikuwa naamini kwamba mtu mwaminifu mara moja ni mwaminifu daima, na kwamba karatasi yake inatosha kusimama mahali pake. Haitoshi. Kama una boila na cheti chenye sahihi ya mkaguzi wa Nkende, zima gesi leo na umwite mkaguzi mwingine. Akija, usimwachie ufunguo ukaenda zako. Ingia naye, mshikie ngazi apande darini, na usimpe kalamu mpaka umemwona akiligusa bomba kwa mkono wake.