Kifua cha Chuma, Mkono wa Plastiki

Mbu haingii nyumba yenye chuma cha kifaru cha jeshi. Usicheke kwanza, rafiki yangu. Mimi niliamini habari hiyo kuliko nilivyoamini kwamba kesho kutapambazuka. Ilisemekana kwamba huko mbali alikokuwa kazini jirani yetu sajenti, kifaru kimoja kilikufa vitani, kikayeyushwa chote kama nta, na chuma chake kikafuliwa kuwa roboti ya kuchezea. Sajenti alipokuja likizo aliileta kijijini kwetu Lobule ndani ya begi lake la kijeshi, akampa mwanawe. Na mbu, ambao wana akili ya vita kuliko majenerali, wakinusa tu ile roboti hugeuza safari na kwenda kutafuta watoto wengine. Hao watoto wengine ndio mimi na dada yangu mdogo.

Nani aliianzisha habari hiyo sijui, ingawa namshuku mwenye roboti. Lakini ushahidi ulikuwepo, tena ulitembea kwa miguu miwili. Mvua zikianza, watoto tulilala chini tukitetemeka, meno yakigongana hadi kuku wakadhani tunawamwagia mtama. Mwana wa sajenti alikuwa nje akipiga mpira wa majani ya migomba, mashavu yaking'aa kama mandazi yaliyotoka sasa hivi kwenye mafuta. Homa ilimruka kama maji yanavyoliruka jani la yugwa.

Yote haya yamenirudia kwa sababu majuzi nilipeleka simu yangu kwa fundi mmoja hapa Awindiri, mjini Arua, nikaikuta roboti ile ile imesimama kwenye kabati la kioo, kati ya chaja na spika, mkono mmoja haina. Nyuma ya meza alikuwa mwana wa sajenti mwenyewe, sasa ana kipara na tumbo la heshima. Sikuwa nimemsalimia bado, lakini wivu ulikuwa umeshanisalimia mimi.

Ngoja nikupeleke nyuma kidogo. Kwetu Lobule kulikuwa na mwamba mpana, mweusi, wenye joto, ambao wanawake waliutumia kuanikia muhogo. Kazi yetu watoto ilikuwa kukaa pale baada ya shule na kuwafukuza mbuzi. Mbuzi wa Lobule wa siku zile, nakuapia, walikuwa wanajua kuhesabu: walisubiri mpaka sisi tuwe wachache. Tulikaa tukinusa ule uchachu wa muhogo uliolowekwa, tukisikia kengele za baiskeli zilizobeba magunia kwenda soko la Koboko, na kutoka nyumbani mchi wa bibi ukitwanga simsim, puu, puu, mpaka njaa ikakuita kwa jina lako la ubatizo.

Ni pale juu ya mwamba mwana wa sajenti alipoileta roboti. Ilikuwa na kifua chekundu kipana, mapaja ya buluu, na mikono ya fedha inayong'aa hata ungeweza kujikagua kamasi ndani yake. Viungo vyote vilichomoka na kurudi: kichwa, mikono, kifua, miguu. Alikuwa akiipanga na kuipangua polepole mbele yetu, kama mama anayemenya embe tamu mbele ya watu wenye njaa.

"Wee, ngoja!" alinifokea nilipoinua kidole. "Mikono yako iko na muhogo. Hii kitu iko ya jeshi. Angalia na macho tu."

Nikaangalia na macho. Macho yakaniuma. Nilimwonea wivu kwa roboti, nikamwonea wivu kwa viatu vyake, kwa chai yao ya maziwa, kwa mabati ya nyumba yao yaliyoimba mvua ilipopiga wakati nyasi zetu zinanong'ona tu. Nilionea wivu hata kivuli chake, kilionekana kimeshiba. Kitu kimoja tu cha kwao hatukukionea wivu, tulikicheka. Asubuhi fulani mama yake alitundika kwenye ua kitambaa cha kijani chenye matundu madogo madogo, kikubwa kama hema. Tulikubaliana kwamba ni wavu wa kuvulia samaki, na tukagaagaa kwa kicheko. Samaki! Atavua wapi, kwenye mtungi wa bibi?

Msimu ule dada yangu mdogo aliugua vibaya. Alipoa, akaugua tena. Bibi alimchemshia majani ya mwarobaini, machungu hata kuyapita tu sufuriani ulikunja uso, akamnywesha huku akisema maneno yake ya kila siku: "Dawa tamu ni ya mgonjwa wa uongo." Dada akanywa. Lakini usiku ulipoingia mbu walirudi na ngoma zao, na jioni moja akanivuta shati, mkono wake wa moto kama kaa.

"Kaka, omba hiyo kifaru ikuje kwetu. Siku moja tu."

Basi nikaenda. Nilikuwa na kitu kimoja cha thamani duniani, gari la waya nililolitengeneza mwenyewe, usukani mrefu, magurudumu ya sapatu kuukuu, mlango unafunguka. Nasema bila kujisifu kwamba toka Koboko mpaka Arua hakukuwa na gari kama lile, hata yale yenye injini. Mwana wa sajenti alilizunguka, akalisukuma, akainama akaangalia chini yake kama trafiki.

"Roboti yote, hapana," alisema. "Nitakupa kiungo moja. Chagua yoyote, lakini si kichwa. Akili iko huko."

"Hata kifua?"

"Hata kifua. Lakini ukichagua, imekwisha. Hakuna kurudi hapa kulia-lia."

Sasa hapo ndipo palipokuwa na ugumu, maana ilijulikana pia kwamba kifaru kimoja hakikutosha roboti nzima. Waliochonga walijazia sehemu nyingine kwa plastiki. Na plastiki mbu haiogopi. Sahani na majagi ya plastiki tulikuwa nayo tele na mbu walitembea juu yake kama sokoni. Ilikuwa lazima nichague kiungo cha chuma halisi. Nikikosea, gari limekwenda na dada yangu anaendelea kuliwa.

Kwa bahati nilikuwa mtaalamu. Kila mtoto wa Lobule alikuwa mtaalamu, kwa sababu ya mnunuzi wa vyuma chakavu. Alikuja na baiskeli yake akiita, na kwenye kamba alining'iniza sumaku kubwa ya spika. Chochote ulichomletea alikirushia ile sumaku. Ikinata, pa, anasema, "Chuma!" na kutupa guniani. Isiponata anakitazama kwa jicho moja na kukiweka pembeni. Sisi tulifuata mlio wa pa tu. Habari za pembeni hazikutuhusu. Nami nilikuwa na sumaku yangu, ndogo, niliyoitoa kwenye redio ya marehemu babu.

Nikaitisha roboti asubuhi na mapema kabla jua halijaupasha moto mwamba, nikafanya kazi kama daktari. Nikaweka kifua kwenye shavu langu: baridi, kama tumbo la chura. Nikakipima mkononi: kizito kama jiwe la kusagia, na usidhani natia chumvi, labda kidogo. Nikakigonga kwenye jino, kikalia ngee, kama kengele. Kila kitu kilisema chuma. Kisha nikaleta sumaku. Ikateleza juu ya kifua, ikaanguka chini. Nikajaribu tena, mbele, nyuma, ubavuni. Sumaku ilikikataa kama mtoto anavyokataa mwarobaini.

Nikachukua mkono wa fedha. Ulikuwa mwepesi, na kwenye jino ulilia to, kama kijiko cha plastiki. Lakini jinsi ulivyong'aa! Nikasogeza sumaku karibu na bega. Pa! Ikanata.

"Chuma," nikasema kwa sauti ya mnunuzi.

"Umechagua?"

"Nimechagua."

"Imekwisha," alisema mwana wa sajenti, na alikuwa ameshaiketisha ile roboti yenye mkono mmoja ndani ya gari langu. Ikakaa kama dereva wa mkuu wa wilaya. Akalisukuma gari akiteremka mwamba, na nakwambia, nikaanza kulionea wivu gari ambalo mimi mwenyewe nililitengeneza.

Jioni nikautundika ule mkono kwa uzi juu ya mkeka wa dada yangu. Tukalala tukijiona tunalindwa na kikosi kizima. Asubuhi nikamwamsha kwa furaha, nikamwuliza kama mbu walithubutu kuja.

"Walikuja mingi," alisema, akijikuna. "Ingine ilikaa juu ya mkono. Ikapumzika. Alafu ikakuja."

Bibi, ambaye hakuwa na habari za vifaru, aliutoa ule mkono uliokuwa ukimgonga usoni kila anapoinama, akauweka kwenye jiwe la jikoni, karibu mno na moto. Tulisikia harufu kwanza. Tulipofika, ile fahari ya fedha ilikuwa imejikunja kama kiwavi, ikawa uji mweusi, na katikati ya uji umelala msumari mdogo, mwembamba, uliokuwa umefichwa ndani ya bega ili mkono uzunguke. Huo ndio ulioita sumaku. Mkono mzima plastiki, chuma chake ni kile kimsumari peke yake.

Ungekuwa wewe ungesema, basi, habari ya kifaru ni uongo. Mimi sikusema hivyo. Mimi nilisema nimekosea kiungo.

Dada yangu alipona, nashukuru Mungu, kwa mwarobaini na vidonge vya zahanati na ukaidi wake mwenyewe. Leo ni mama wa watoto, na mwili amenizidi, hata akinikumbatia nakosa hewa. Sajenti alihamishwa, akaichukua familia yake, na roboti ikaondoka Lobule ikiwa bado inaendesha gari langu. Nililitazama lori lililowabeba mpaka vumbi likatulia. Niliyekuwa namwonea wivu amekwenda, na wivu umebaki, hauna hata pa kwenda kulala.

Miaka ikapita. Nikaja Arua, mchana nikipakia mizigo, jioni nikisoma shule ya watu wazima, nikiwa na ndevu kuliko mwalimu. Na huko, somo la sumaku, mwalimu akauliza, "Sufuria ya kwako nyumbani, sumaku inaishika?" Darasa likajibu hapana. "Na je, mama yako anapikia kwenye plastiki?" Wenzangu wakacheka. Mimi nilisimama wima kama nimeumwa na siafu. Kifua! Kifua kilikuwa chuma, cha ile aina ambayo sumaku haiijui! Baridi yake haikusema uongo, wala uzito wake, wala jino langu. Mwalimu akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia ndiyo, tangu utotoni.

Kwa hiyo utaelewa nilivyosimama majuzi mbele ya lile kabati la kioo. Tulikumbatiana, tukapigana mabega, tukaulizana waliokufa na waliozaa. Alinieleza kwamba ule mwamba wetu sasa unapasuliwa kokoto. Akina mama wanaanika muhogo kwenye maturubai kando ya barabara. Watoto hawatengenezi tena magari ya waya. Mbuzi tu ndio hawajabadilika. Tuliegemea meza, watu wazima wawili, tukisikiliza mchi ambao hautwangi tena.

Ndipo nikaomba kuishika. Safari hii hakuniuliza habari ya muhogo. Nikaipima kwa heshima zote. Kwenye ukingo wa kifua rangi nyekundu ilikuwa imebanduka, na chini yake kijivu cha chuma, baridi ile ile. Mapaja pia. Mkono uliobaki fedha yake ilikuwa imechubuka kama ngozi ya mzungu aliyebabuka na jua, ndani mweupe, na mstari wa mshono ulipita toka bega mpaka ngumi, pale nusu mbili za plastiki zilipogandishwa. Nikageuza kichwa. Mshono. Nikakigonga kwenye jino. To.

"Kichwa chako ulichokataa kunipa," nikamwambia, "plastiki tupu."

"Usiniambie!"

"Akili yote ilikuwa kifuani."

Alicheka mpaka akashika meza. "Na mimi nililala na hiyo kichwa chini ya mto!" Akafuta machozi. "Na gari yako, bwana, niliikalia siku moja huko barakisi ya jeshi, ikakufa. Nililia mpaka baba akatoa mkanda."

Niliishikilia ile roboti muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Halafu nikamwuliza swali nililolibeba toka Lobule mpaka Arua, kama gunia lisilo na mwenyewe. Nilimwambia kuhusu dada yangu, ule uzi juu ya mkeka, mbu waliopumzika kwenye mkono. "Sema kweli," nikasema. "Ningechagua kifua siku ile, si angelala salama? Maana wewe ulilala nayo, na homa haikukupata hata kidogo."

Aliniangalia kama anavyoangalia simu iliyoletwa kwake imetoka mtoni.

"Ndugu yangu," alisema taratibu, "unakumbuka ile kitambaa ya kijani ya mama, mlikuwa mnasema ni wavu ya samaki?"

"Nakumbuka."

"Ilikuwa neti ya mbu. Tulikuwa tunalala ndani."